Lundo Lisilopata Moto

Fundi alistaafu siku ya Ijumaa. Jumatatu yake, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa amesimama mlangoni amevaa ovaroli, mkoba wa vifaa begani, hana pa kwenda.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza huku akifunga kamba za viatu vyake vyeupe vya kazini.

"Nakagua."

"Unakagua nini?"

Akageuka, akaanza kukagua bawaba za mlango.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ametengeneza lifti katika majengo marefu ya katikati ya mji. Mwili wake ulikuwa umezoea kuitwa. Hata akila, sikio moja lilikuwa kwenye simu. Sasa hakuna aliyemwita, na mwili haukujua jambo hilo. Ndani ya wiki tatu bawaba zote za nyumba zilikuwa zimetiwa grisi, bomba lililokuwa likidondoka lilikuwa limeacha, na lile ambalo halikuwa likidondoka lilikuwa limeanza. Friji aliifungua mara mbili, ingawa haikuwa na ugonjwa wowote. Mara ya pili ilipogoma kugandisha, mkewe, ambaye alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, alisimama katikati ya jikoni akiwa bado na sare yake mwilini, akamtazama.

"Nimeacha watoto ishirini na wawili wodini," alisema. "Wana homa, wana vidonda, wengine wana sindano mikononi. Wote wametulia kuliko wewe. Tafuta kitu cha kufanya nje. Umenisikia, mume wangu? Nje."

Nje, nyuma ya jikoni, palikuwa na uwanja mdogo wa udongo mgumu. Ukuta wa matofali unaofika kifuani uliutenganisha na uwanja wa jirani yao dobi. Gari la taka lilikuwa likipita mara moja kwa wiki, na pipa lao lilikuwa likijaa kabla ya siku ya tatu. Fundi alikuwa amesikia kwenye redio kwamba maganda ya jikoni na majani yakirundikwa vizuri yanageuka mboji, udongo mweusi wenye rutuba, katika miezi michache. Wazo hilo lilimkaa. Unaweka kitu huku, kinatoka kingine kule. Hiyo ni mashine, alijiambia, na mashine anazijua.

Siku hiyohiyo alipata vichanja vinne vya mbao vya kupakia mizigo, akaviunga kuwa sanduku, akaliegemeza kwenye ukuta wa dobi. Akatia maganda ya viazi na ya ndizi, maganda ya mayai, chakula kilichobaki, mifupa ya kuku, mchuzi uliochacha. Mtunza bustani wa shule ya jirani, mtu mmoja mwembamba aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Bwana Majani, alimpa magunia matatu ya majani mabichi yaliyotoka kukatwa. Fundi aliyamwaga yote, akachomeka nondo katikati ili awe anapima joto, akafungua daftari jipya. Asubuhi alipindua lundo kwa jembe uma na kuandika. Mchana alipindua na kuandika. Jioni vilevile.

Siku ya kwanza: *baridi.* Siku ya pili: *baridi.* Siku ya sita: *baridi, utelezi.* Siku ya tisa aliandika neno moja tu: *nzi.*

Siku ya kumi dobi alitokeza kichwa juu ya ukuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye mikono yenye nguvu kama ya mbeba mizigo. Yeye na muuguzi walikuwa wamehamia katika nyumba zile mwaka uleule, wakaitana dada hadi watu wapya wa mtaa wakadhani ni ndugu kweli.

"Shemeji!"

"Naam, shemeji."

"Kuna kitu kimekufa huko kwako?"

"Hakijafa. Kinaoza."

"Na pua yangu itajuaje tofauti?"

Fundi alimweleza habari za mboji. Dobi alisikiliza huku vibanio vitatu vikiwa vimeshikilia kola ya gauni lake. Nyuma yake, kwenye kamba mbili zilizokwenda urefu wote wa uwanja, shuka nyeupe za nyumba ya wageni zilikuwa zikipepea.

"Mimi sikatazi mtu kuwa na udongo wake," alisema mwishoni. "Lakini jana shuka sita zimerudishwa. Wanasema zinanuka yai viza. Mimi sijawahi kurudishiwa shuka, shemeji. Hata mwaka ule mvua haikukatika mwezi mzima sikurudishiwa."

"Nipe siku mbili."

"Chukua tatu. Lakini harufu iishe."

Fundi aliingia kazini kwa nguvu zote. Harufu, kwa hesabu zake, ni uvujaji, na uvujaji unazibwa. Alinunua turubai zito la nailoni, akalifunika lundo juu mpaka chini, akalikaza kwa waya pande zote, akazungushia mawe. Hapakubaki hata tundu la kupitisha sindano. Akasogea nyuma, akavuta pumzi. Hakuna kitu. Alimwita dobi, naye akavuta pumzi akiwa upande wake wa ukuta, akakubali kwamba hakuna kitu.

Sasa alikuwa na shida nyingine: hakukuwa na cha kupindua. Siku ya kwanza alilizunguka turubai. Siku ya pili aliligusa. Siku ya tatu aliweka sikio, kama alivyokuwa akiweka kwenye mlango wa lifti iliyokwama, akasikia kitu kama kunong'ona, mapovu yakipasuka ndani kwa ndani. Alikwenda dukani kununua misumari asiyoihitaji. Akarudi. Akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Siku ya tano, saa nne asubuhi, jua limewaka na upepo unavuma kuelekea kwa dobi, uvumilivu ukamwishia. Akakata waya, akalifunua turubai lote kwa mkupuo mmoja.

Harufu iliyotoka ilimrudisha hatua tatu. Ilikuwa yai viza, mkojo wa wiki nzima na kitu kingine kisicho na jina, na ilikuwa nzito kiasi kwamba alidhani ataiona kwa macho. Maji meusi yalichuruzika kati ya mbao, yakapita chini ya ukuta. Upande wa pili shuka zote za nyumba ya wageni zilikuwa kwenye kamba, mbichi, zikinywa kila kilichokuja na upepo. Alisikia beseni likianguka.

Dobi hakuja siku ile. Alizifua shuka zote upya, zikanuka, akazifua tena. Alikuja kesho yake jioni, akapitia mlango wa mbele kama mgeni, akakataa kukaa. Muuguzi alikuwa ametoka zamu dakika chache zilizopita.

"Wamechukua shuka zao," dobi alisema. "Zote. Wamepeleka kwa mwingine."

"Nitakwenda kuongea nao," Fundi alisema haraka.

"Utawaambia nini? Kwamba harufu ni wewe?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Shemeji, wewe umestaafu, unatafuta cha kuchezea. Sikulaumu. Lakini mimi ninazo kamba mbili tu. Sina nyingine."

Alipoondoka, muuguzi alikaa kwenye kiti karibu na mlango bila kuvua viatu. Fundi alingoja amkemee, lakini hakukemewa. Mkewe alimwambia tu, "Huyo alinishikia mtoto wetu siku mimi niko zamu na wewe uko juu ya lifti. Unakumbuka?" Kisha akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata Fundi hakuweza kulitazama lundo wala kukaa nyumbani. Alitoka, akatembea bila mpango, na miguu ikampeleka ilikozoea: jengo la ghorofa kumi na nne ambalo alilihudumia miaka yote ile. Mlinzi alikuwa mgeni, akamwandikisha kwenye daftari la wageni na kumuuliza amekuja kumwona nani. Fundi akasema amekuja kuiona lifti.

Chumba cha mashine, juu kabisa, kilikuwa kimepakwa rangi. Fundi mpya, binti wa miaka isiyofika thelathini, alikuwa amekaa chini na kompyuta mapajani. Alisimama mara moja.

"Shikamoo, Fundi! Karibu, karibu. Kaa hapa." Akampisha kiti pekee kilichokuwepo.

Fundi alikaa, akasikiliza. Mashine mpya ilikuwa ikifanya kazi bila mlio wowote wa kumwambia mtu jambo. Ya zamani ilikuwa ikikohoa ikifika ghorofa ya saba, na kwa kikohozi hicho angeweza kusema ni uzito gani umepanda.

"Hakuna kinachokusumbua?" aliuliza.

"Hakuna kabisa, Fundi," binti alisema kwa furaha, kwa nia njema kabisa, na Fundi akainuka akaaga. Alishuka kwa ngazi, ghorofa zote kumi na nne, magoti yakimlalamikia.

Njia ya kurudi ilipita kando ya uzio wa shule. Bwana Majani alikuwa akisukuma mashine yake ya kukatia majani, akamwinulia mkono.

"Mboji inaendeleaje?"

Fundi alisimama. Miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumwomba mtu amwangalizie mashine. Aliona fahari katika hilo. Mara mbili au tatu aliwahi kulala ndani ya shimo la lifti kuliko kupiga simu kwa mwenzake. Alishika waya wa uzio kwa mikono miwili.

"Imenishinda," alisema. "Njoo uniangalizie."

Mchana huohuo Bwana Majani alikuja. Hakutazama daftari. Alizunguka sanduku mara moja, akainama, akazamisha mkono ndani ya lundo mpaka kwenye kiwiko, akautoa ukiwa na konzi la kitu cheusi chenye utelezi, akaminya. Maji yakatiririka kati ya vidole vyake kama yanatoka bombani.

"Hii si mboji, mzee wangu. Hii ni supu. Umetia nini humu?"

Fundi alimtajia kimoja kimoja.

"Na vikavu?"

"Vikavu vipi?"

"Majani makavu. Vijiti. Maboksi. Maranda ya seremala. Kitu kikavu chochote."

"Sikutia."

"Hata kidogo?"

"Redio haikusema. Au ilisema nikawa sisikilizi."

Bwana Majani alichota kipande cha mfupa kwa vidole viwili, akakitupa pembeni. "Vyote ulivyotia ni vibichi, vina maji tupu. Vimelaliana, hewa haipiti, ndiyo maana vinanuka. Halafu ukavifunga na nailoni. Nyama na mchuzi usitie tena, vinaita nzi na panya. Na unapindua mara ngapi?"

"Asubuhi, mchana na jioni."

Mtunza bustani alimtazama kuona kama anatania. "Kwa siku?"

"Kwa siku."

"Mtu ana baridi, unamfunua shuka mara tatu kwa siku, atapata joto saa ngapi?" Alicheka hadi akashika mbao. "Tena lenyewe ni dogo. Hili halifiki hata kiunoni. Likiwa dogo joto linakimbia. Tunalijenga upya. Kwa kila ndoo ya kibichi, ndoo mbili au tatu za kikavu. Na ukiminya, liwe na unyevu kama nguo iliyokamuliwa vizuri. Tone moja, matone mawili, basi."

"Iliyokamuliwa vizuri na mikono ya nani?" iliuliza sauti.

Dobi alikuwa amesimama upande wake, juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono juu ya ukuta. Haikujulikana alikuwa pale tangu lini. Bwana Majani alimnyooshea konzi la pili. Dobi alisita, akalipokea, akaliminya huku ameugeuza uso pembeni.

"Hii haijakamuliwa hata kidogo," alitoa hukumu. "Hii imetoka kwenye beseni sasa hivi." Akaikung'uta mikono. "Mnalijenga lini?"

"Kesho asubuhi," alisema Bwana Majani.

"Nitakuja. Kesho sina cha kuanika," alisema, akamtazama Fundi. "Unajua kwa nini."

Walianza saa moja. Dobi alikuwa amejifunga khanga kuukuu kichwani na nyingine puani, na sharti lake la kwanza lilikuwa lundo lihame kutoka kwenye ukuta wake. Kwa hiyo lilihamia pembe ya mbali, chini ya dirisha la jikoni la Fundi mwenyewe, na hakuna aliyebisha. Chini walitandika vijiti vinene ili hewa ipite. Fundi alikuwa ameleta magunia mawili ya maranda kutoka kwa seremala na maboksi kutoka dukani, na kazi ya kuyachana ilimfaa vizuri: alichana kana kwamba kila boksi lilimkosea. Walipanga tabaka la kikavu, tabaka la uozo ule, kikavu tena. Kila tabaka dobi aliminya konzi moja na kutoa amri.

"Bado. Ongeza maranda."

"Si yametosha?"

"Wewe ndiye dobi?"

Wakaongeza maranda. Harufu iliwapanda mpaka utosini. Bwana Majani alipiga chafya kumi na moja mfululizo. Dobi aliteleza akakaa kwenye maji meusi, akabaki amekaa pale, akatazama mikono yake, kisha akaanza kucheka cheko la kukata tamaa ambalo liliwaambukiza wote watatu. Saa sita lundo lilifika kifuani. Walilifunika kwa gunia kuukuu linalopitisha hewa, wakachomeka nondo katikati.

"Siku nne," Bwana Majani alisema akinawa mikono kwenye bomba. "Usiguse. Siku ya tano chomoa nondo uishike."

"Na kama kuna tatizo ndani?"

"Siku nne, mzee."

Siku ya kwanza Fundi alijikaza. Alikunywa chai vikombe sita. Aliangalia dirishani, akafunga pazia, akalifungua. Siku ya pili, mkewe alipokwenda kazini, alijikuta mbele ya lundo na jembe uma mkononi. Hakukumbuka kulichukua. Alikuwa ameshainua pembe ya gunia.

"Shemeji!"

Dobi alizunguka kwa mlango wa mbele akiwa na sabuni mpaka viwikoni. Alilichukua jembe uma kutoka mikononi mwake kama mama anavyochukua kisu kwa mtoto, akaenda nalo kwake, na Fundi alisikia komeo la chumba cha pasi likifungwa. Kisha akarudi.

"Na wewe njoo. Ukibaki hapa utalifukua kwa vijiko."

Ndivyo Fundi alivyojikuta amesimama katika chumba cha dobi, chenye mvuke na harufu ya wanga, akikunja mataulo ya saluni, mteja pekee aliyebaki. Alikunja ovyo. Dobi aliyakunjua yote akamrudishia.

"Pembe kwa pembe. Usikimbie. Taulo haliendi popote."

Mashine ya kufulia ilikuwa ikitetemeka kwenye kona, na kila ilipotetemeka bega la Fundi lilishtuka.

"Usithubutu," dobi alisema bila kugeuka. "Friji yenu naijua habari zake."

Baadaye, pengine kwa kuwa mikono ilikuwa na shughuli na macho yalikuwa kwenye taulo, Fundi akasema jambo ambalo hata mkewe hakuwa amemwambia.

"Mwezi wangu wa mwisho kazini lifti ilikwama na watu tisa. Saa mbili nzima. Mimi nilikuwa nyumbani, simu iko mezani, hapo mbele yangu. Hawakunipigia. Walimpigia yule binti. Nilisikia kesho yake kwa mfagiaji."

"Akawatoa?"

"Aliwatoa. Wazima wote."

"Sasa ulitaka wakwame zaidi ili wakupigie?"

Fundi alicheka. Kisha akaacha kucheka, akakunjua taulo lile lile, akalikunja upya. "Ndiyo," alisema. "Kwa kweli nilitaka."

Dobi aliegesha pasi. Hakumpa pole wala hakumlaumu. "Mimi siku nyingine nikiumwa naomba mvua inyeshe," alisema, "ili nisiwe mimi niliyeamua kupumzika." Akaichukua pasi tena. "Hilo ni taulo gani unakunja mara ya nne?"

Siku ya tatu hakuja kukunja. Dobi alidhani amerudi kwenye lundo, akachungulia ukutani, hakumwona. Fundi alikuwa amevaa suti yake ya mikutano, amekwenda nyumba ya wageni. Meneja, mtu mwenye usingizi machoni, alimpokea akidhani amekuja kutafuta chumba.

"Nimekuja kuhusu harufu ya zile shuka," Fundi alisema. "Harufu ilikuwa mimi."

Meneja alijivuta nyuma kidogo kwenye kiti. Fundi aliharakisha kumweleza yote: maganda, turubai, upepo, ukuta. Hakujitetea. Alisema yule mama hana kosa hata la uzi mmoja, kwamba lundo limehamishwa na kujengwa upya, na kwamba akipenda aje alinuse mwenyewe. Meneja alisema hana haja ya kulinusa. Alisema pia kwamba yule dobi mpya anapiga pasi vibaya, wageni wawili wameshalalamika, na kwamba atapeleka furushi moja la majaribio, aone.

Furushi lilifika kwa dobi jioni. Dakika tano baadaye dobi alikuwa kwenye mlango wa Fundi.

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa."

"Sikukuomba uniombee kazi. Kazi yangu ninaiomba mwenyewe." Alikuwa amefura kweli. "Umewaambia nini?"

"Kwamba harufu ni mimi."

Mdomo wa dobi ulijaribu kuzuia kicheko, ukashindwa. Aligeuka haraka ili asionekane. "Na siku nyingine uniulize kwanza," alisema akiwa amempa mgongo, akaenda kulowesha shuka.

Asubuhi ya siku ya tano wote wanne walikuwa uwanjani: Bwana Majani kabla hajaenda shuleni, muuguzi aliyeanza siku yake ya mapumziko, dobi, na Fundi ambaye alikuwa pale tangu kulipopambazuka. Lundo lilikuwa limeshuka kidogo. Halikunuka, au lilinuka kitu ambacho hakikumkera mtu. Fundi aliishika nondo, akaikwamua, akaichomoa.

Dobi aliinyakua kwa upande wa chini. Aliishika kwa kiganja kizima, akafikiri.

"Vuguvugu," alisema.

"Vuguvugu tu?" Uso wa Fundi ulianguka. Akaishika palepale aliposhika mwenzake, akapiga kelele, akaiachia. Nondo ilianguka chini ikalia. Muuguzi alikuwa ameshamkamata mkono na kukitazama kiganja.

"Mikono yake imezoea pasi!" Bwana Majani alisema akifurahi kama yeye ndiye aliyepata moto. "Usimsikilize huyu! Limewaka! Tazameni!" Akafunua pembe ya gunia, na mvuke mwembamba ukapanda katika hewa ya asubuhi.

Fundi alisimama na kiganja chake chekundu. Kwa dakika kadhaa alikuwa mtu mwenye furaha kamili. Kisha akauliza, "Sasa tunafanya nini?"

"Tunaliacha. Likipoa, wiki moja hivi, tunalipindua mara moja, lipande tena."

"Kungoja tena?"

"Kungoja tena."

Halikwenda vizuri moja kwa moja. Lilipoa, wakalipindua, likapanda lakini si kama mara ya kwanza. Mwezi wa pili lilikauka kiasi cha kuhamiwa na siafu, na Fundi, safari hii, alikwenda kwa Bwana Majani saa ileile badala ya kukaa nalo wiki nzima. Likatiwa maji, dobi akaminya, siafu wakahama. Shuka za nyumba ya wageni zilirudi zote, polepole, furushi baada ya furushi. Jembe uma liliendelea kuishi katika chumba cha pasi, na mwenye kulitaka alilazimika kubisha hodi na kueleza sababu.

Mwezi wa tano, siku ya mapumziko ya muuguzi, walichuja. Lundo lote la kufika kifuani lilikuwa limebaki kimo cha goti, jeusi, likivunjika kwa vidole, lenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Muuguzi ndiye aliyetaka kushika chekeche. Alilitikisa kwa nguvu, bila kupumzika, nywele zimemfunguka, na Fundi alipomwambia apokezane naye alikataa. Alitikisa hata pale ambapo chekeche lilikuwa tupu.

"Barua yangu imekuja jana," alisema ghafla. "Mwisho wa mwaka."

Fundi alijua ni barua gani; naye aliwahi kuipokea.

"Siku za kwanza ni mbaya," alisema.

"Halafu?"

"Halafu sijui. Mimi bado niko siku za kwanza."

Muuguzi alitikisa kichwa, akachota koleo jingine la mboji, akalimwaga ndani ya chekeche. Fundi alikwenda upande wa pili, akashika ukingo, wakaanza kulitikisa pamoja. Hawakupatana mwendo. Yeye alivuta wakati mkewe anavuta, mboji ikamwagikia miguuni mwao, wakasimama, wakaanza upya.